Miguu ya Ubao wa Mama

Mama yangu alipika maisha yake yote bila kuwa na ubao wa kukatia mboga, na ungemwambia anauhitaji angekucheka. Sukuma wiki alikunja, akabana mafungu kwa mkono wa kushoto, kisu kikashuka mkono wa kulia, na mboga ikaanguka kwenye sufuria ikiwa nyembamba kama nyuzi. Macho yake hayakuwa kwenye kisu. Yalikuwa kwako, anakuuliza habari za soko la Sosiot, nani ameoa, nani amezaa, na kwa nini wewe umekonda.

Sasa mkosi wa mwanamke huyo ni kuzaa fundi wa mbao. Karakana yangu iko nyuma ya soko, na ingawa vitanda na milango ndivyo vinanilisha, kitu ninachokipenda kutengeneza ni mbao za kukatia mboga. Natumia gravilea, ile miti inayosimama mipakani mwa mashamba ya chai, ambayo wengi wanaiona kama kuni tu. Ukiipiga randa vizuri, ukaisugua na msasa, inatoa madoa mazuri mpaka unasahau njaa. Wateja wangu ni mahoteli na akina mama wa Kericho mjini. Siku ya kwanza nilipomletea mama yangu ubao mmoja auone, aliugeuzageuza, akaniuliza, "Huu ni mlango wa nini? Wa nyumba ya kuku?"

Nilikasirika. Mimi hukasirika haraka, tabia hiyo nimeitoa kwake.

Halafu kiharusi kikampata. Kilimpata kanisani, Jumapili, katikati ya wimbo, akiwa amevaa viatu vyake vizuri. Nasema hivyo kwa sababu gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira vya kuchumia chai, zilikuwa zimebaki nyumbani, zimeoshwa Jumamosi jioni na kusimamishwa nyuma ya mlango wa jikoni. Alipotoka hospitali kitu cha kwanza alichoangalia ni hizo gambuti. Akasema mtu asiziguse, akirudi shambani anataka azikute zikiwa safi.

Mungu alitusaidia. Mguu ulirudi, ingawa unaburuta kidogo. Mdomo ulirudi na maneno yake yote, na mengine yaliongezeka. Mkono wa kushoto ndio haukurudi. Ulikuwa pale, mzito, anaweza kuulaza juu ya kitu, lakini hauwezi kushika hata jani moja la sukuma.

Ndugu yangu mkubwa anaishi Bomet mjini na anafanya kazi afisini. Ni mtu mpole kupita kiasi, na huo upole ndio hunimaliza, kwa sababu utagombanaje na mtu anayekuja na mkate na blanketi? Alikuwa amemtengenezea mama chumba. Kitanda kizuri, televisheni, bafu la vigae, kila kitu. Alitaka amchukue akakae naye.

"Mama, wewe peke yako hapa na mkono mmoja," alimwambia. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mimi sina chawa," mama akamjibu. "Nina sukuma."

Tulikuwa tumejaribu msichana wa kazi. Alikaa kidogo tu, mama akamrudisha kwao kwa heshima zote, na mayai akamfungia, akasema hana shida na yeye ila anakata mboga kama ya kulisha ng'ombe. Jirani alikuwa akimkamulia ng'ombe, na mimi, ninayekaa ng'ambo ya bonde, nilipitia kila jioni kumkatia mboga. Alikuwa anakaa kwenye stuli akiniangalia. Hakusema kitu, na mama yangu akinyamaza ujue anaumia. Ugali alikuwa ameshaushinda: sufuria aliibana kati ya mafiga na gogo la kuni, akasonga kwa mkono mmoja mpaka ukaiva. Mboga ndiyo ilimshinda. Na kwetu mwanamke asiyeweza kujipikia mboga nyumbani kwake amekuwa mgeni hapo.

Ndugu yangu alipozidi kusisitiza, mama alimpa neno lake. "Krismasi njoo ule hapa. Ugali nitapika mimi, mboga nitakata mimi. Mtu akinisaidia, hata kunipitishia chumvi, nitapanda gari lako na sitaongea."

Nilimfahamu. Angepanda kweli, na asingeongea, na mimi ningempoteza mama yangu akiwa hai. Nilirudi karakana siku hiyo na kulia juu ya randa. Halafu nikachagua kipande kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo.

Ubao wenyewe ulitoka safi. Mpana, mzito, pembe zimelainishwa. Mpango ulikuwa aweke majani juu yake, ayalalie kwa ule mkono mzito kama jiwe, halafu akate kwa mkono mzuri. Tuliuweka kwenye meza ya jikoni, ile aliyoitengeneza marehemu baba, ambayo imeinama upande mmoja na imefunikwa karatasi ya plastiki yenye maua. Mama akalaza majani, akalaza mkono, akaingiza kisu. Ubao ukakimbia. Ulizunguka, ukaenda mpaka ukingoni, kisu kikapiga plastiki karibu na kidole chake.

"Ondoa hii kitu," akasema.

Unaweza kuniambia, si uweke kitambaa kilicholowa maji chini yake? Hata mimi nilisema hivyo, na nikajiona mwerevu sana. Mama akanipa kitambaa kikiwa kimejaa maji, akaniambia, "Haya, kikamue kwa mkono mmoja nione." Nilijaribu. Nilijilowesha mpaka magotini.

Basi nikaanza kutafuta miguu. Mpaka wakati huo mbao zangu zilikuwa zinalala tumbo kwa tumbo na meza, na hakuna mteja aliyelalamika, kwa sababu wateja wangu wana mikono miwili. Sasa kila kitu cha mpira nilichokiona nilikifikiria kama mguu. Nilienda kwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi, nikamwomba vipande vya tairi. Tairi ni ngumu, wee! Iliteleza kwenye plastiki na kuacha michoro myeusi juu ya maua ya mama. Nikajaribu tyubu ya baiskeli. Ile inashika, sikatai, lakini ni nyembamba, ubao unabaki karibu kugusa meza, maji yanaingia chini na hayatoki, na baada ya siku chache nikainusa ikanuka kama kitambaa cha kufutia sakafu. Nikachukua mipira ya chini ya magongo ya kutembelea. Ikawa mirefu, ubao ukasimama kama ng'ombe aliyezaliwa leo.

Na kulikuwa na lile swali la idadi. Ile meza ya baba haijanyooka, kwa hiyo miguu minne migumu, mmoja lazima uning'inie hewani, na ubao unapiga tak-tak. Mama akasema weka mitatu, mafiga ni matatu na hujawahi kuona sufuria ikicheza. Nikaona kweli, hilo ni jambo la akili. Nikaweka mitatu. Akakata katikati, ikakaa. Akakata pembeni, ubao ukainuka upande wa pili na sukuma yote ikaenda chini. Nilimwambia tubadilishe meza, ninaweza kumtengenezea nyingine kwa siku moja. Aliniangalia tu. Sikurudia.

Mwenye hadiwea, lile duka la misumari na rangi, pale Sosiot ni mama mmoja ambaye wazazi wake walikuja kutoka upande wa Nyeri kufanya biashara, na yeye amezaliwa hapa hapa. Namwita Mama Hadiwea, yeye ananiita fundi. Kwanza aliniuzia vile vitambaa vizito vya kubandika chini ya viti. Nilifika nyumbani, nikavibandika, ubao ukateleza kuliko mwanzo. Kumbe kazi yake ni hiyo, kusaidia kiti kiteleze bila kukwaruza sakafu! Nilimrudia, akacheka mpaka akashika kaunta. "Si ungesema unataka kisiende," akasema. "Mimi nilidhani unataka kiende."

Halafu akanitolea vimiguu vya silikoni, vyeupe vinavyoonyesha ndani, laini kama ufizi wa mtoto. Na gundi yake. Nilibandika vinne karakana, nikasukuma ubao kwa mikono yote miwili, na benchi langu likasogea pamoja nao. Niliruka. Niliimba njia nzima nikishuka bondeni na kupanda ng'ambo. Mama akakata sukuma ya kwanza. Vipande vilikuwa vikubwa, havikulingana, lakini alikuwa amekata mwenyewe, na alivihesabu kwa macho kama mtu anayeangalia vifaranga. Akasema, "Hii sasa ni mbao." Nilifurahi kuliko siku mahoteli yalipoanza kununua.

Baada ya siku chache mguu mmoja ukatoka. Nikabandika. Ukatoka mwingine. Nikasafisha, nikakwaruza, nikaacha ukauke usiku kucha. Ikatoka miwili pamoja, na mmoja mama aliukuta ndani ya sufuria ya mboga. Ndugu yangu alipiga simu siku hiyo, na mama, ambaye hajui kudanganya, akamwambia amepika mpira. Ndugu yangu akasema kwa ile sauti yake ya mkate na blanketi, "Mama, nitakuja na godoro nyuma ya gari, ulale vizuri njiani."

Nilienda Sosiot nikiwa moto. Niliingia hadiwea mbele ya wateja nikapiga ile gundi kwenye kaunta. "Gundi yako ni feki! Unauzia watu maji! Mama yangu atachukuliwa kwa sababu ya gundi yako!"

"Ngai!" akasema. "Fundi, mimi naweza kukuuzia msumari uliopinda, hapo nitakubali. Lakini gundi yangu haina makosa." Akavua aproni, akafunga duka mchana kweupe, akasema, "Twende. Nataka kuona hiyo mbao kwa macho yangu."

Tulivuka bonde. Mama alitupokea kama vile tulikuwa tumealikwa. Kwetu hakuna kesi inayosikizwa kabla ya chai, kwa hiyo tulikunywa, Mama Hadiwea akimwita shosho, yaani nyanya, akisifu maziwa, na mimi nikitafuna hasira yangu pamoja na viazi. Mwishowe akaomba aone ubao. Akaugeuza. Akapitisha kidole chini yake. Akanusa kidole. Akanipa na mimi ninuse.

Samli. Ile ya kienyeji, ya ng'ombe wake mwenyewe.

"Shosho," Mama Hadiwea akauliza taratibu, "unapaka hii kitu mafuta?"

"Kila jioni," mama akasema. "Kwani niiache ikiwa kavu?"

Na mimi, niliyelelewa nyumba hiyo hiyo! Niliyemwona miaka yote akipaka samli kibuyu, mwiko, na kile kistuli cha baba, kwa sababu kwetu kitu cha mti kikiingia nyumbani hupakwa mafuta ndipo kiwe cha nyumba. Usipokipaka umekinyima. Mimi nilikuwa nimeupaka ubao mafuta ya duka upande wa juu tu, na chini nikaacha, kwa ajili ya gundi. Mama aliona fundi wake amesahau, akasahihisha.

"Si upake juu peke yake?" nikamwambia.

"Juu watu wanaona. Watapaka," akasema. "Chini ndiko kunalala njaa."

Mama Hadiwea alianza kucheka kwanza. Halafu mimi. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilimwomba msamaha pale pale kwa ajili ya gundi, akasema nitamlipa kwa ubao, na wa kwake usipakwe kitu. Mama hakucheka. Alikuwa anatuangalia mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mnataka kitu kisichoteleza," akasema. "Hata chini kukiwa na maji. Hata kukiwa na mafuta."

"Na kiwe laini kidogo," nikasema, "kwa sababu ya meza. Na kiwe kinene, nikikaze kwa skrubu, tuachane na gundi."

 Akainuka, akaburuta mguu mpaka nyuma ya mlango, akarudi na gambuti moja. Ya kushoto. Ilikuwa na vumbi, ile iliyotakiwa kukaa safi. Akaiweka mapajani mwangu.

"Kata."

Nilisema hapana. Nilisema nitanunua gambuti mpya kesho, nitazikata hizo, hizi za kwako ziache. Mama Hadiwea naye akaitikia, akasema dukani kwake zipo, atanipa.

"Mpya zinajua nini?" mama akasema. "Hizi zimesimama kwenye ule mteremko mvua ikinyesha, kikapu kikiwa mgongoni, na hazijawahi kuniangusha. Kata, mtoto wangu. Shambani sirudi. Mnadhani mimi sijui? Nimejua tangu hospitali. Nilikuwa naziangalia tu."

 Mimi nilikuwa nalia na sikujificha. Miezi yote hiyo tulizunguka zile gambuti tukiogopa kumwambia, na yeye alikuwa akituogopea sisi. Nilimshika ule mkono wake wa kushoto, ambao hauwezi kukushika, nikakaa nao hivyo mpaka chai ikapoa.

Soli nilikata kesho yake. Kisigino cha gambuti ni kinene, kimekanyagwa mpaka kimelainika, lakini mifereji yake bado ipo, na hiyo mifereji ndiyo hutoa maji pembeni. Nilipata miguu minne: miwili kisigino, miwili mbele ya wayo. Mama Hadiwea aliniletea skrubu zisizoshika kutu, na nilizizamisha ndani ya mpira ili chuma kisiguse meza. Nilipouweka ubao mezani, miguu ikabonyea kidogo upande wa chini, ikakubaliana na ule mwinamo wa baba, ikatulia. Mama akaulalia kwa mkono, akasukuma kwa nguvu zake zote. Meza ndiyo ililia. Jioni hiyo akaupaka samli, juu na chini, mbele yangu, akiniangalia kama nina la kusema. Ulishika vile vile.

Alifanya mazoezi mpaka kuku wakachoka kula mboga.

Krismasi ndugu yangu akaja. Godoro lilikuwa nyuma ya gari kweli, na kiti cha mbele alikuwa amekiwekea mto wa mama kuegemea. Mama alitusalimia, akatupatia stuli nje kwenye nyasi, akaingia jikoni na kufunga mlango. Tulikaa pale. Tukaanza kusikia kisu. Tak. Kimya. Tak. Kimya. Halafu tak, tak, tak. Nikagundua sijawahi kusikia mama akikata mboga, kwa sababu siku zote alikatia mkononi na mkononi hakuna sauti. Ndugu yangu alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kila kisu kilipochelewa alitaka kuinuka, na mimi nikamkanyaga mguu.

Alituletea sahani mojamoja, akienda na kurudi, na hakuna aliyethubutu kumpokea. Ugali, kuku, sukuma. Mboga haikuwa nyembamba kama zamani. Ndugu yangu alikula yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akaomba nyongeza. Mama akamwongezea bila kutabasamu.

Baadaye ndugu yangu alikusanya vyombo akaviosha, maana huyo ni mtu mpole, nimeshasema. Nilimwona amesimama kwenye karai na ubao mkononi, ameugeuza, anatazama chini yake. Ile mifereji ya soli tunaifahamu sote wawili. Tulipokuwa watoto ndiyo tulifuata kwenye matope kwenda kumtafuta mama katikati ya chai. Karo yake yote, mpaka akaingia afisini, ilitoka kwenye hizo nyayo.

"Mama," akasema. "Hizi si zile..."

"Ndizo."

Aliukumbatia ule ubao, na maji yote yakamwingia kwenye shati lake la Krismasi. Mama alimwacha alie. Halafu akamwambia aukaushe vizuri, akamwonyesha samli ilipo.

Jioni ndugu yangu akajiandaa kuondoka. Lile godoro mama alilifunika kwa sukuma, ndizi na maparachichi mpaka halikuonekana. Ndugu yangu akafungua mlango wa mbele, akaangalia ule mto, akasimama hapo asijue afanye nini na mkono wake. Mama akaja akiburuta mguu, kwapani amebana kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kimejaa, kizibo kimekazwa. Akakiketisha juu ya mto.

"Kifunge mkanda," akamwambia. "Barabara ya Bomet ina matuta."